Pikipiki Yangu Imeanza Kusimama

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Pikipiki,
Uwanja wa Gereji, nyuma ya kituo cha mafuta.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA FUNDI WENU ALIYEIFANYA PIKIPIKI YANGU ISIMAME

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mafundi wako wote, isipokuwa mmoja ambaye kwa sasa afya yake si jambo ninaloliombea. Mimi ni mtu wa barua. Wahariri wa magazeti wananifahamu kwa mwandiko, na wengine wananiogopa. Nimekwisha kuandika juu ya maji, juu ya umeme, juu ya mitaala ya shule, na juu ya yule mkurugenzi aliyejenga choo cha umma kisha akakitia kufuli na kuondoka na ufunguo. Lakini sijawahi kushika kalamu nikiwa na hasira kama ya leo. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaendelea kusoma, ukae.

Mshitakiwa ni fundi wenu anayejulikana gereji nzima kwa jina la Tambo, jina alilopewa kwa haki kabisa, maana hajawahi kukaza nati moja bila kuitangazia dunia. Kwa bahati mbaya Tambo ni mdogo wake mke wangu. Siwezi kumpiga, siwezi kumpeleka mahakamani, na siwezi kumnyima chakula siku akija. Imebaki njia moja tu, nayo ni kumleta kwako.

Kisa chenyewe ni hiki. Waya wa breki ya mbele ya pikipiki yangu ya zamani ulikatika. Halikuwa jambo kubwa, kwa kuwa hata ulipokuwa mzima haukuwa na kazi. Breki zile zilikuwa za ngoma, zilizotoka na pikipiki kiwandani, na viatu vyake vya ndani vilikuwa vimelika kama soli za mhubiri wa miguu. Shokapu za mbele, ile miguu miwili inayolishika gurudumu, nazo zilikuwa zimechoka: ukiziegemea zinakwenda chini, na hazirudi juu mpaka uzibembeleze. Yote hayo niliyajua na nilikuwa nimeyakubali. Nilimwambia Tambo maneno matatu: "Nitilie waya mpya."

Akaizunguka pikipiki, mikono nyuma, kama daktari aliyeitwa amechelewa. "Waya tu, shemeji? Hii si ya kutiwa waya. Hii ni ya kusomewa dua."

Nikamwambia aache maneno, atie waya.

"Nenda nyumbani," akasema. "Kale, lala, niachie mgonjwa."

Nilipoirudia sikuitambua. Tambo alikuwa amekata sehemu yote ya mbele ya pikipiki moja ya kisasa, iliyogongwa kwa nyuma, akaipachika kwenye kiwiliwili cha yangu. Shafti ya usukani haikulingana, basi akaichomoa ile ya kwangu na kuishindilia kwenye mshikio wa shokapu mpya. Mkereza vyuma wa jirani akamchongea bushi za kuziba nafasi iliyobaki. Na pale palipokaa ngoma yangu ya heshima pakakaa diski inayong'aa kama sinia jipya, na mrija wa mafuta ya breki ukapanda hadi kwenye kikopo kilichofungwa juu ya usukani. Shokapu zenyewe ni nene kuliko mikono yangu. Mbele kijana, nyuma mzee. Kipya kinyemi, nakubali, lakini umewahi kumwona babu aliyetiwa meno mapya, akaanza kuuma watu?

Mna desturi pale gereji, Ndugu Mwenyekiti, ambayo bila shaka uliipitisha wewe mwenyewe: fundi akimaliza kazi ya breki hupanda nyuma, mwenye chombo akaendesha, ili kama kazi ni mbovu waanguke wote wawili. Ni desturi nzuri. Ila walioitunga hawakufikiria kazi iliyo nzuri kupita kiasi. Tulipoukaribia ukuta wa mwisho wa uwanja Tambo akapaza sauti: "Kamata, shemeji! Kamata!" Nikakamata nilivyozoea kukamata, yaani kwa vidole vyote, kwa mguu, kwa meno na kwa jina la Mungu. Pikipiki ikasimama palepale. Tambo hakusimama. Alinipanda mgongoni kama anapanda ngazi, akavuka kichwa changu, akatua juu ya taa ya mbele, uso wake ukitazamana na wangu. Mdomo unamtoka damu, na mtu huyu anacheka!

"Umeiona hiyo? Hiyo ukimfunga nayo tembo, anasimama! Vidole viwili tu, shemeji, viwili! Siyo kukamua ng'ombe!"

Nikachukua kilichokuwa changu nikaondoka. Tangu siku hiyo maisha yangu yameharibika, kwa utaratibu ufuatao.

1. Kuhusu kinyozi.

Ili uelewe, lazima nikueleze njia ya kwetu. Ni mteremko. Juu kabisa yupo kinyozi. Chini yake yupo mama mshonaji, ambaye meza yake ya cherehani imetokeza barabarani. Kisha seremala. Kisha geti letu la bati, na hapo barabara inakwisha, kwa maana ya kwamba inaingia uani kwangu na kukutana na ukuta wa jiko.

Kwa miaka yote nilianza kukamata breki mbele ya kinyozi ili nisimame nyumbani. Mkono umezoea, hauniulizi. Sasa kila jioni nakamata mbele ya kinyozi, na nasimama mbele ya kinyozi. Nawe ni mtu mzima, unajua: mtu hawezi kusimama ghafla mlangoni pa kinyozi, vumbi limetimka, wateja wote wamegeuka, halafu akasema alikuwa anapita tu. Kinyozi anatoka na kitambaa mkononi. "Karibu, mzee! Leo umenikumbuka!" Naingia. Nimenyolewa nywele. Nimenyolewa ndevu. Nimenyolewa masikio, ambayo sikujua kama yanaota kitu. Juzi alinizunguka kwa muda, mashine inanguruma mkononi, akakosa pa kuanzia. Akaizima. Akanipangusa kichwa taratibu, akasema, "Leo tuiache ngozi ipumue, mzee." Kazini wameanza kunipa pole, na mmoja amenivuta pembeni kuniuliza daktari amesemaje.

2. Kuhusu adabu yangu.

Shokapu zangu za zamani zilikuwa na malezi. Nilipogusa breki, hata kama pikipiki haikupunguza mwendo, sehemu ya mbele ilizama, nami nikazama nayo, kichwa mbele, mgongo umepinda. Watu wazima wa mtaani walidhani nawainamia. Sikuwasahihisha, maana heshima haitolewi risiti. Bibi mmoja aliwahi kumwambia mke wangu, "Mumeo ana adabu, mwanangu. Wenzake hupita kama wamemeza fimbo, lakini yeye lazima ainame."

Shokapu mpya haziinami. Napita wima kama mlingoti. Na bibi yuleyule amesikika akisema mbele ya watu, "Mtazameni. Kapata vyuma vipya, kaota mapembe." Nimejaribu kuinama kwa nguvu zangu mwenyewe, nikagonga paji la uso kwenye kile kikopo cha mafuta ya breki. Kovu ninalo. Naweza kulileta ofisini kwako siku yoyote ya kazi kama kielelezo.

3. Kuhusu salamu.

Zamani nilisalimia kwa mteremko. "Shika" ilianzia kwa kinyozi, "moo" ikaishia kwa mshonaji, na "marahaba" ikanifuata nyuma bila kunifikia. Kila mtu aliridhika. Sasa nina breki, na watu wote wanajua nina breki, na mtu asiyesimama ilhali anaweza kusimama ni mjeuri. Basi nasimama. Nimekwisha kusikiliza habari za goti la kulia la jirani mmoja, na habari za goti la kushoto la jirani huyohuyo, na nimeahidiwa kwamba kesho tutaingia kwenye mgongo.

4. Kuhusu hoja zangu.

Hili linaniuma kama mtu wa fikra. Kwenye benchi la kinyozi hukaa mwalimu mmoja mstaafu, mpinzani wangu wa siku nyingi. Hatukubaliani juu ya jambo lolote. Akisema mvua imenyesha, mimi hutoka nje kuhakikisha, na nikilowa husema ni umande. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikipita pale na kumtupia hoja kutoka juu ya pikipiki. "Uhuru wa mwenye njaa ni wa kuchagua atakufa upande gani!" Nimepita. "Elimu isiyoleta ugomvi ni usingizi!" Nimepita. Alikuwa akinyanyuka na kufungua mdomo, na kilichomjibu kilikuwa moshi. Sikuwahi kushindwa hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu ya vitabu nilivyosoma.

Wiki iliyopita nikateremka, nikamtupia: "Historia haimsubiri mtu!" Na mkono, kwa mazoea yake, ukakamata. Nikasimama mbele ya goti lake.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Haisubiri," akasema, "lakini naona wewe umesubiri. Haya, bwana mkubwa, kaa. Historia ipi?"

Ndugu Mwenyekiti, sikuwa na sentensi ya pili. Niliitafuta. Niliitafuta Ulaya, niliitafuta Asia, niliitafuta hadi kwa mafarao. Nikagundua pale, mbele ya watu na vioo, kwamba hoja zangu zote zina sentensi mojamoja, kwa kuwa mteremko haujawahi kuruhusu ya pili. Kijasho kikanitoka kichwani, na kichwa chenyewe, kama nilivyoeleza katika namba moja, hakina pa kukifichia. Mteja mmoja mwenye povu usoni akasema, "Mzee, washa pikipiki ndipo ujibu!" Walicheka mpaka kinyozi akamkata mtu.

Damu ya mtu huyo naiweka mikononi mwa Tambo.

5. Kuhusu mtaa.

Mafundi wenu wamezoea kusema kwamba pikipiki yangu ya zamani haikuwa na breki. Ni uongo. Ilikuwa nazo, ila zilikuwa zimegawanywa kwa mtaa mzima.

Barabarani, mshonaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia injini. Alivuta meza yake ndani, akakumbatia vitambaa, akapaza sauti: "Anakuja!" Seremala akajibu, "Nimesikia!", akatupa randa, akabeba gunia la maranda, akakimbia nalo hadi uani kwangu na kulisimamisha kwenye ukuta wa jiko. Geti likafunguliwa. Mimi nikaingia, nikalikumbatia gunia, nikasimama. Seremala ananipangusa maranda mabegani. "Leo umeingia vizuri, kaka. Jana ulipinda." Hicho ndicho chombo cha usafiri kilichokamilika! Chuma hakitoshi. Umoja ni nguvu, na nguvu hiyo mimi nimeionja kifuani kila jioni.

Tena nitakuambia jambo ambalo hulijui. Mshonaji na seremala wamegombana. Ni ugomvi wa kabati: seremala alimtengenezea kabati ambalo mlango wake mmoja haufungi mpaka uufungue ule mwingine. Mshonaji aliapa hatamwambia neno. Seremala naye aliapa kwamba kabati ni zima, nguo zake ndizo nene. Hawasalimiani. Lakini kila jioni ilimlazimu mmoja aseme "Anakuja!" na mwenzake ajibu "Nimesikia!", na baadhi ya siku, nikishaingia, nilimsikia mshonaji akiongeza kutoka barazani kwake, kwa sauti ya mtu asiyemwambia mtu yeyote, "Kaumia?" na seremala akijibu hewa, "Hajaumia." Uhusiano wao wote ulikuwa umesimama juu ya mimi kutosimama. Sasa umekatika. Hawana cha kusemezana.

Na magunia ya maranda seremala amempa mfuga kuku. Jana nilipita, nikasimama mbele ya karakana yake, nikazima injini, nikangoja. Hakuinua hata macho. "Ahaa," akasema. "Ni wewe." Ni wewe! Mtu aliyekuwa akinikimbizia gunia kifuani!

6. Kuhusu dunia kwa jumla.

Nisingependa uone kwamba napigania nafsi yangu. Mimi nimesoma, na aliyesoma halalamiki juu ya gurudumu bila kulalamika juu ya ustaarabu.

Kila ambapo mwanadamu ameanza kufanya peke yake lile alilokuwa akifanyiwa na wenzake, salamu moja imekufa. Bomba lilipoingia ndani ya nyumba, mazungumzo ya kisimani yakafa. Simu ilipoingia mfukoni, mgeni wa ghafla akafa. Sasa imeingia breki. Twende taratibu, maana hapa ndipo wengi huniacha. Pikipiki zote zikisimama zenyewe, hakuna atakayekuwa na sababu ya kutazama barabara. Wasiotazama barabara hawatajua nani amekuja. Wasiojua nani amekuja hawawezi kujua nani hajaja. Na mtaa usiojua nani hajarudi nyumbani si mtaa, ni maegesho ya vyombo. Kutoka hapo hadi serikali kuanguka ni hatua ndogo, na nitaieleza katika barua nyingine. Chunguza tawala zote zilizoporomoka katika vitabu. Utakuta zilianza kuporomoka siku ile wakubwa walipoamini kwamba wanaweza kusimama bila mtu wa kuwashikia gunia.

Ndiyo maana nasema, bila kutia chumvi, kwamba diski aliyoifunga shemeji yangu ni hatari kuliko mtu anayeingia mjini na bunduki. Mwenye bunduki watu humkimbia, na wakikimbia hukimbia pamoja.

7. Kuhusu geti.

Nilikusudia kuishia namba sita. Kisha nikaona kwamba barua iliyoacha jambo moja nje si barua ya ukweli, na mimi nimewatukana waandishi wengi kwa kosa hilo.

Aliyekuwa akifungua geti ni mke wangu.

Alinisikia kabla sijafika kwa kinyozi. Aliacha alichokuwa akifanya. Alikuja na unga hadi kwenye viwiko, alikuja na nywele zimesukwa upande mmoja tu, alikuja na simu sikioni akisema, "Ngoja, ngoja, anakuja." Geti letu ni zito na bawaba zake zimechoka, kwa hiyo ilimbidi alishikilie kwa mwili mzima, mgongo kwenye bati, visigino ardhini, na macho juu ya mteremko. Na nilipompita alisema, kila siku, maneno yaleyale: "Polepole, bwana wee!"

Sisi si watu wa maneno matamu, Ndugu Mwenyekiti. Maneno yangu yote mimi nayapeleka magazetini, na yeye alikwisha kuzoea kupata yaliyobaki. Lakini kila jioni niliteremka nikimwona mtu mmoja amesimama, amelifungua geti kwa upana wake wote, hamtazami mwingine ila mimi. Na hakuna mtu mwingine duniani anayeniambia polepole. Wengine wote huniambia nyamaza.

Siku ya kwanza ya breki mpya nilisimama mbele ya geti lililofungwa. Nikangoja. Nikapiga honi. Sauti ikatoka ndani: "Si una mikono?" Nikashuka, nikafungua, nikasukuma pikipiki ndani, nikafunga. Nilimkuta sebuleni, miguu juu ya stuli, anasikiliza redio. Sijawahi kumwona ameketi saa ile tangu tuhamie nyumba hii. Sikujua hata kama ile stuli ni ya kuwekea miguu.

"Umefika," akasema, bila kugeuka.

Nimefika, ndiyo. Nimefika kama kifurushi. Na tangu siku hiyo imekuwa hivyohivyo kila jioni: geti limefungwa, redio inaimba, na mimi nahangaika na komeo. Breki ninazo bora kuliko mtu yeyote mtaani, na hakuna anayenisubiri.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Kwa kuzingatia uzito wake, naomba Chama kimwamuru Tambo ang'oe shokapu hizo, diski hiyo, mrija huo na kikopo hicho, anirudishie vyuma vyangu vya zamani katika hali ya ubovu niliyomwachia, bila kuvisafisha. Naomba pia mpitishe kanuni, itakayobandikwa langoni, kwamba pikipiki yoyote iliyotimiza umri wa utu uzima isiruhusiwe kusimama bila msaada wa watu wasiopungua watatu, na kwamba mmoja wao awe mwenzi wa ndoa wa mwendeshaji. Kwa wasio na ndoa, mama mzazi anakubalika. Mafundi vijana wenye tabia ya kumaliza kazi wapewe semina. Na kama sitapata jibu la kuridhisha nitalifikisha jambo hili kwa wahariri, kisha wizarani, na mwisho kabisa kwa mama mkwe, ambaye ndiye aliyemzaa Tambo na kwa hiyo ana maswali ya kujibu.

Nisalimie mafundi wote wa uwanjani, mziba pancha wa langoni, mama wa chai, mlinzi, na yule mzee anayeuza spana zilizotumika, ambaye sijawahi kumwona akiuza. Mkereza vyuma msalimie nusu, maana zile bushi ni kazi ya mkono wake. Tambo usimsalimie. Mwambie tu dada yake anamsalimia, na kwamba mdomo ukipona aje kula.

Ni mimi, niliyesimamishwa bila ridhaa yangu,

Mkazi wa mwisho wa mteremko.

TANBIHI: Nilikuwa natafuta bahasha nilipomkuta mke wangu amesimama mezani, anaisoma barua hii. Alicheka kwenye namba moja. Alicheka zaidi kwenye namba nne, mpaka akashika meza. Namba saba aliisoma mara mbili, kisha akaiweka chini.

"Mimi ndiye niliyemtuma Tambo," akasema. "Nilimwambia asikutilie waya. Nilimwambia akutilie breki."

Nikamuuliza kwa nini, na nakuandikia jibu lake kama alivyolitoa, kwa kuwa sina uwezo wa kulipinga. "Kila siku jua likianza kuinama, mimi kazi sina. Sibandiki sufuria, siingii kuoga, siendi kumwona mgonjwa. Nimekaa, sikio liko nje. Nasikia umepita kwa kinyozi, nasema haya. Nasikia umepita kwa mshonaji, nasema haya, bado kidogo. Wewe ukadhani nakuja kukupokea? Bwana wee, nilikuwa nakuja kukuokota."

Kisha akaniuliza kama kiti cha nyuma kinabeba mtu. Anataka kwenda kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji, na anataka twende sasa hivi, kabla jua halijazama. Hajawahi kupanda pikipiki hii. Sikuwahi kumuuliza sababu.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza hadi ya saba nimeyaondoa, pamoja na kanuni ya langoni, semina, na maswali ya mama mkwe. Barua naituma hivyohivyo, kwa kuwa sijawahi kuandika barua nisiitume. Ila mwambie Tambo kwamba breki ya nyuma bado ni ile ya ngoma, na kwamba namtaka aje na ya diski upesi iwezekanavyo, kwani kuanzia leo chombo kinabeba abiria.

Naomba unisamehe kwa mwandiko wa mistari hii ya mwisho. Honi inalia huko nje, na mimi bado niko mezani.